Umeme wa Godson

Ernesta alizaliwa na dharau, na biashara ya mpakani ikaikuza. Mwanamke aliyeuza vitenge Manyovu tangu ujana wake, akibishana kutwa na madereva wa malori na wabadilisha fedha, hawezi kubaki na subira kubwa kwa wanaume wanaojisifu. Akimsikia mtu anajikweza, mdomo wake ulikuwa unapinda upande mmoja, na ukishapinda, ndugu zake walijua hukumu imetoka. Ndiyo maana kaka yake Stanislaus, mwalimu mstaafu wa Buhigwe, alisita sana kabla ya kumtuma Kasulu akamwangalie mchumba wa binti yake. Lakini miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba, na katika ukoo wao shangazi ndiye jicho la nyumba. Shangazi akisema ndiyo, washenga wanapokelewa. Akisema hapana, hata bwana angekuwa na magari matatu, habari imekwisha.

Binti mwenyewe alikuwa Immakulata, muuguzi wa zahanati moja pale Kasulu mjini, umri wake ishirini na minane. Kule kijijini walishaanza kusema kwamba anachagua mno, na kwamba mchagua nazi hupata koroma. Safari hii alikuwa amempenda mtu kweli. Alimwandikia baba yake ujumbe mrefu kwenye simu akimweleza, na Stanislaus, aliyeusoma kwa miwani na kwa sauti, alifurahi mpaka akasahau miguu. Bwana aliitwa Godson, afisa ugavi katika mradi mmoja wa maji, mtu wa kutoka mbali, ana nyumba ya kupanga yenye vigae na kazi yenye mshahara wa mwezi. "Usiende kumtafutia makosa," Stanislaus alimwambia dada yake asubuhi ile. Ernesta alijibu kwamba makosa hayatafutwi, yanajileta yenyewe.

Immakulata alimpokea stendi, akampokonya kikapu, na njia nzima akawa anazungumza haraka haraka. Alimwambia kwamba Godson ana utani mwingi, asimchukulie vibaya. Alimwambia pia kwamba siku za Jumamosi anapumzika kwa kucheza gemu, na kwamba wasomi wengi siku hizi wanapumzika hivyo. Ernesta alimtazama mpwa wake akimrekebishia kanga begani kana kwamba shangazi ndiye anayekwenda kuposwa, akaona kwamba msichana anaogopa. Akamhurumia, akaahidi moyoni kwamba atajitahidi kutopinda mdomo.

Ahadi ile ilifika mlangoni tu.

Godson alikuwa amekaa kwenye zulia, amenyoosha miguu mbele ya televisheni kubwa, mikononi ameshika pedi ya gemu kwa namna mtu anavyoshika bakuli la uji wa moto. "Karibuni, karibuni," alisema bila kugeuza shingo. "Sekunde moja tu, mama, niko pabaya." Kisha akaiambia televisheni shikamoo. Ernesta alibaki amesimama. Kwao salamu haina haraka. Mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza mmeamkaje, nyumbani je, watoto je, ng'ombe je, na mwingine anajibu yote hayo naye akauliza yake. Hata wale madereva wa malori, watu wasio na adabu kwa mama zao, wakifika kwenye kibanda chake huzima injini kwanza. Aliinama, akapiga makofi, akasema "Mwakeye", salamu ya Kiha, kama ilivyostahili, akapata kiwiko cha kushoto kilichoinuliwa kidogo kumwonyesha kiti.

Mdomo ukapinda, naye hakuurudisha.

Alikaa, akatazama kilichomzuia mwanaume kusimama. Ndani ya kioo kulikuwa na kijana mwembamba aliyevaa kofia nyuma mbele, amepanda ubao wenye magurudumu manne madogo, anazunguka katika mji usio na vumbi hata chembe. Anaruka ngazi, anateleza juu ya mabomba, anageuza ubao chini ya miguu yake na kuudaka tena. Mara anaanguka kifudifudi, damu inatapakaa kwenye lami, na kabla hujasema pole ameshasimama na kupanda tena. Ernesta aliuliza kijana yule anamkimbia nani. Godson alicheka, akamweleza kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuoga kwamba hamkimbii mtu, huo ni mchezo wa skeiti, mambo ya mbele, huku Kigoma haujafika na hautafika, maana utaiteleza wapi skeiti kwenye vumbi la Kasulu? Kibondo ndiyo usiseme. Alifanya kazi Kibondo mwaka mmoja, na mpaka leo anaisimulia kama mtu aliyemaliza kifungo.

Ernesta alimuuliza kama yeye amewahi kuupanda ubao huo.

Godson alisema kwamba Dar es Salaam alikuwa na rafiki ambaye binamu yake alikuwa nao.

Basi Ernesta akajua ameketi na mtu wa aina gani. Lakini alitaka kumpa haki yake, kwa hiyo akaendelea kutazama. Akagundua jambo. Kila yule kijana wa kwenye kioo alipoanguka, Godson alikuwa na sababu. Mara ya kwanza ilikuwa pedi, kitufe kinanata. Kisha ikawa mwanga wa dirishani unapiga kwenye kioo, na Immakulata akanyanyuka haraka kuvuta pazia kabla hajaombwa. Baadaye ikawa umeme wa Kasulu, una nguvu ndogo, unalifanya gemu kuwa zito. Mwishoni ikawa mazungumzo, mtu hawezi kucheza watu wakiongea, ingawa aliyekuwa anaongea ni yeye. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu alikuwa anatapatapa kwenye zulia pakavu. Kijana wa kwenye kioo alianguka mara nyingi na hakulalamika hata mara moja. Ernesta alianza kumpenda yule, akawaza kwamba angekuwa mchumba mzuri zaidi.

Ajabu ni kwamba gemu lenyewe lilimwingia. Godson, kwa kupenda kueleza, alimweleza hesabu yake. Kila mchezaji ana zamu ya dakika mbili. Mtindo mmoja una pointi kidogo, ila ukiunganisha mitindo mingi bila kugusa chini, zinapanda kwa kasi. Lakini pointi zote hizo zinaning'inia tu hewani, hazijawa zako, mpaka magurudumu yatue salama. Ukianguka, zote zinapotea, hata kama zilikuwa mlima. Ernesta hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ni kama mzigo wa Burundi: ukiwa ng'ambo ya kizuizi unaweza kujiita tajiri upendavyo, wako ni ule uliovuka. Aliona pia kwamba Godson hupenda kurundika mitindo mpaka anaanguka nayo, kisha anatangaza kwa sauti pointi ambazo angepata.

"Mpe na mwenzako acheze," Ernesta alisema. "Nataka kuwaona pamoja."

Godson alisema Immakulata hajui, anajifunza tu, lakini kwa heshima ya mgeni sawa. Akaanza yeye, zamu nzuri kweli, safari hii alitua. Alishusha pumzi, akatazama kama shangazi ameona, halafu akampa Immakulata ile pedi ya pili, yenye waya uliofungwa kwa selotepu. Ile nzuri aliishikilia mwenyewe hata wakati haikuwa zamu yake.

Zamu ya kwanza Immakulata alikwenda kwa unyenyekevu. Aliruka kidogo, akatua, akaruka kidogo, akagonga benchi, akacheka na kumwangalia Godson kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu. Ernesta alikereka. Vidole vile alivijua. Mwaka uliopita mtoto wa jirani yake alipopungukiwa maji, wauguzi wawili walishindwa kuupata mshipa mkononi mwake, Immakulata akaupata kwa kuupapasa tu huku akizungumza na mama mtu. Mwenye vidole hivyo hagongi benchi lililosimama mahali pamoja.

Alimwambia, "Imma, hebu mvushe huyo kijana. Unamwacha njiani kwa nini?"

Zamu ya pili ilipoanza, Ernesta alivuta kiti mbele. Immakulata alimpeleka kijana polepole hadi kwenye ngazi ndefu, akampandisha kwenye bomba, akamtelezesha mpaka chini, na badala ya kumtua akamgeuza hewani akamweka juu ya ukingo wa bwawa kavu. Pointi zikaanza kukimbia. Ernesta alisema mvushe. Kijana akazunguka ukingo, akaruka juu, akageuza ubao mara moja, akaudaka. Shangazi alisahau kwamba amekuja kupima mtu, akapiga goti la mpwa wake. Hata Immakulata alijisahau. Uso ule wa woga aliotoka nao stendi ulikuwa umeondoka, mdomo uko wazi kidogo, macho yametulia, na Ernesta alikumbuka kwamba huyu ndiye binti aliyekuwa anapanda miti iliyowashinda kaka zake na kuwatupia matunda. Magurudumu yakagusa chini, yakashika. Pointi zikaingia zote. Zamu ilikuwa bado haijaisha na namba yake ilikuwa imeshaipita ya Godson, na kijana anaondoka tena kuelekea kwenye ngazi.

Televisheni ikazimika.

Godson akapiga ulimi. "Umeme huo," alisema. "Umekatika. Ndiyo Kasulu yenu hiyo."

Umeme wa Kasulu ulikuwa na tabia zake, hilo hakuna aliyebisha. Lakini nyuma ya nyumba ya Godson, ukuta kwa ukuta, kulikuwa na mashine ya kusaga ya Abdalah, mashine ya umeme, na mtaa mzima uliutambua umeme kwa mashine hiyo. Ikinyamaza, wanawake kote mtaani wanajua washike mkaa. Ernesta mgeni aliijua kwa nusu saa tu aliyokaa pale, kwa sababu ilikuwa inavuma tangu alipoingia na iliendelea kuvuma sasa, inasaga mahindi ya watu bila wasiwasi wowote. Godson, aliyeishi mtaa ule mwaka wa pili, hakuwahi kujishughulisha kujua majirani wanafanya nini na kwa nguvu gani. Alikuwa amekaa palepale kwenye zulia, anatikisa kichwa kwa masikitiko, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia bado kilikuwa juu ya swichi ya ekstensheni ya televisheni.

Ernesta alitaka kucheka, na alitaka pia kumwinua mwanaume yule kwa sikio. Mtu mzima, mwenye mshahara, mwenye ndevu zilizochongwa kinyozini, ameshindwa na mchumba wake kwenye mchezo wa watoto mbele ya shahidi mmoja, akaona bora azime dunia. Akamgeukia Immakulata, akingoja acheke yeye. Maana Immakulata alikuwa ameona. Aliitazama ekstensheni, akakitazama kile kidole, akasikiliza mashine ya Abdalah kidogo. Kisha akainama taratibu, akausogeza mguu wa Godson kwa mkono kama anavyomsogeza mgonjwa kitandani, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka, televisheni ikawaka.

"Aa," alisema Godson. "Umerudi."

Ernesta alikuwa amesikia uongo wa kila aina pale mpakani. Amesikia watu wakiapa kwa makaburi ya wazazi walio hai. Lakini uongo wa namna hiyo, wa kumwambia mtu kwamba umeme umerudi wakati kidole cha huyo anayeambiwa bado kiko kwenye swichi aliyoiwasha, hakuwahi kuuona. Alimwangalia mpwa wake, akasubiri.

"Ndiyo," alisema Immakulata. "Umerudi."

Hapo dharau ya Ernesta ikakosa pa kukaa. Ilikuwa kubwa kwa Godson, tena ilikuwa tamu, na ghafla ikageuka ikawa uchungu.

Walianza upya, kwa sababu, Godson alieleza, umeme ukikatika matokeo ya nyuma yanafutika, ndiyo sheria. Mwamba ngozi huvutia kwake. Alicheza, akatua wastani. Ilipofika zamu ya Immakulata, yule kijana mwembamba aliondoka kwa kasi mahali pa tambarare, hapana ngazi, hapana bomba, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta. Akaanguka. Akaamka, akaenda tena kwenye ukuta uleule. Immakulata alisema loo, vidole vyangu leo. Ernesta alivitazama vile vidole. Vilikuwa vimetulia kabisa, vinajua vinakompeleka.

Godson alifurahi mpaka akawa mtu mwingine. Alisimama, akaleta soda, akaleta karanga, akamsalimia shangazi upya kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo kwanza amemwona mlangoni. Alimwambia kwamba Immakulata anajitahidi sana kwa mwanamke, kuna siku atajua. Alizungumzia nyumba atakayojenga, akamuulizia mzee Stanislaus na miguu yake. Ukimtazama wakati ule ungeapa kwamba ni mchumba bora, mcheshi, mkarimu. Na Ernesta alielewa kwamba ndivyo Immakulata alivyomjua siku zote: mtu mzuri sana, ilimradi ashinde. Alikunywa soda yake yote, akashukuru, akaaga kwa makofi na kwa kuinama bila kupunguza kitu.

Walitembea kuelekea stendi mpaka wakapita soko. Hapo Immakulata akashindwa kuvumilia. Aliuliza, kwa sauti ndogo, atakwenda kumwambia nini baba.

"Kuhusu yeye sina shida," Ernesta alisema. "Nitasema ana kazi, ana nyumba, ana karanga. Kuhusu wewe ndiyo sijui nitasema nini."

Immakulata alisimama. Akasema lilikuwa gemu tu, Shangazi. Kwamba Godson hapendi kushindwa, ana mambo yake kama kila mtu, na mtu akimjua anajua namna ya kuishi naye. Unampa anachotaka katika vitu vidogo, basi nyumba inakuwa na amani. Alisema haraka haraka, kama kitu alichokwisha kujiambia mara nyingi. Halafu akasema ana miaka ishirini na minane, na machozi yakamjaa.

Ernesta alikuwa na maneno mengi ya kumwambia juu ya Godson, mengine matamu sana. Aliyameza. Alimpangusa mpwa wake uso kwa ncha ya kanga.

"Kama ni gemu tu," alisema, "ungemshinda. Umegonga ukuta kwa makusudi mara ngapi tangu umjue? Usinijibu mimi. Nikisema hapana leo, utanichukia, na pengine utakuwa na haki. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekusukuma ukutani kwa mkono wangu. Kwa hiyo sitasema. Sema wewe, nami nitalibeba neno lako kama ulivyosema."

Shangazi wa ukoo wao hakuwahi kumrudishia binti neno lake, na Ernesta alijua Stanislaus atafoka. Alichukua kikapu chake, akaendelea na safari peke yake. Alipogeuka, Immakulata hakuwa nyuma yake. Alikuwa anarudi walikotoka, mwendo wa haraka, mkoba ukimpiga kiunoni. Ernesta alijiambia basi, ameshachagua, mapenzi hayana dawa. Akatafuta gari la Manyovu linalopitia Buhigwe, akapata kiti cha dirishani, akakaa na mdomo wake ulionyooka kwa huzuni. Alijilaumu kwa kujifanya mwerevu. Angesema hapana, yakaisha.

Gari lilichelewa kujaa, kama kawaida yake. Kondakta alikuwa ameshaanza kufunga mizigo juu Ernesta alipomwona Immakulata akija kati ya bodaboda, amelowa jasho, viatu vyekundu kwa vumbi. Alipanda, akasimama kando ya kiti, akihema. Ernesta alisogeza kikapu, akampisha akae.

Alimuuliza amemwambia nini.

"Sikumwambia kitu," Immakulata alisema. "Nilimwomba tucheze tena. Nikacheza."

"Ukavuka?"

"Nilivuka mapema tu. Nikaendelea."

"Na yeye?"

Immakulata alitazama nje, ambako mtu alikuwa anabishana na kondakta juu ya gunia la muhogo.

"Umeme ukakatika tena," alisema.

Ilibidi Ernesta amuulize, hata kama aliliogopa jibu, kwa sababu ndilo alilotumwa kulipeleka Buhigwe.

"Ukaenda kuuwasha?"

"Hapana, Shangazi. Nilimwacha gizani na pazia nililomvutia."